Samaki Anayezeeka kwa Niaba Yetu

Katika Kiswahili samaki hazeeki. Ng'ombe huzeeka, mbuzi huzeeka, na kuku mzee hujulikana kwa mkaa anaoumaliza kabla hajaiva. Samaki ana hali nyingine: ni mbichi, ni mkavu, ni wa kukaanga, au ameoza. Mnunuzi katika soko la Feri, Dar es Salaam, humfunua samaki mashavu aone kama bado ni mekundu, humbonyeza kwa kidole, humtazama macho. Hamuulizi muuzaji samaki huyu ameishi miaka mingapi. Hata tunaposema samaki mkunje angali mbichi, tukimaanisha kwamba mtoto afundishwe mapema, samaki wa methali hiyo amekwisha kufa. Ubichi wake ni ule muda mfupi uliobaki kabla hajakauka.

Lakini wapo samaki wanaohesabiwa umri. Katika maabara nyingi za Ulaya, Marekani na Asia kuna vyumba vyenye rafu za chuma zilizopangwa matangi madogo ya plastiki. Maji yana joto la nyuzi 28 hivi. Taa huwaka saa 14 na kuzimwa saa 10, kila siku, kiangazi na masika. Kila tangi lina kibandiko, na juu ya kibandiko imeandikwa tarehe ya kuzaliwa. Ndani yake wanaogelea samaki wa sentimita 3 au 4, umbo kama dagaa, wenye mistari ya buluu iliyokoza. Jina lao la kisayansi ni Danio rerio. Wazungu waliwafananisha na pundamilia, nasi tuwaite samaki pundamilia, ingawa milia yao imelala kutoka kichwani hadi mkiani.

Wakitunzwa vizuri, samaki hawa huishi miaka mitatu na nusu hivi, na wachache huvuka mitano. Kabla ya kufa, huzeeka. Uti wa mgongo hupinda. Rangi hufifia. Mayai hupungua. Usingizi wa usiku huwa haba, na melatonini, ile homoni inayouambia mwili kwamba giza limeingia, hushuka kama inavyoshuka kwa wazee wetu. Ukimfundisha samaki mzee kwamba chakula kiko upande fulani wa tangi, hukawia kushika kuliko kijana.

Wanafugwa kwa ajili hiyo: wanazeeka ili sisi tujue tunavyozeeka. Swali langu ni jepesi kulitamka. Kiumbe anayezeeka kwa niaba yako, anakudai nini?

*

Samaki huyu hakuingia maabara kwa ajili ya uzee. George Streisinger, mwanabiolojia wa Chuo Kikuu cha Oregon mjini Eugene, alianza kumfanyia kazi mwishoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 1981 akachapisha katika jarida la Nature njia ya kuzalisha samaki wanaolingana kabisa kijeni. Alifariki mwaka 1984, kabla hajaona alichokianzisha kinavyoenea. Katika miaka ya 1990, Christiane Nüsslein-Volhard na wenzake mjini Tübingen, Ujerumani, pamoja na kundi lingine la Boston, walichambua maelfu ya kasoro za kijeni za samaki huyu, na matokeo yao yakajaza toleo zima la jarida la Development la Desemba 1996. Mwaka 2013 jenomu yake ilipochapishwa, ilionekana kwamba asilimia 70 hivi ya jeni za binadamu zina angalau jeni moja inayolingana nazo kwa samaki pundamilia.

Kilichowavutia wote hao ni mwanzo wa maisha. Yai hutungishwa nje ya mwili wa mama. Kiinitete kinaangaza kama kioo, hata mtu mwenye hadubini anaweza kuona viungo vikijipanga. Baada ya siku moja hivi moyo unaanza kupiga, na kufikia siku ya tatu samaki ameanguliwa. Jike mmoja hutaga mamia ya mayai. Baadaye ndipo wengine walipouliza: kama mwanzo tumeuona hivi, kwa nini tusiutazame na mwisho?

Tatizo ni kwamba mwisho wa aina hiyo karibu haupo porini. Kwao ni India, Bangladesh na Nepal, katika maji ya kina kifupi yaendayo polepole, mifereji na mashamba ya mpunga. Utafiti uliofanywa Bangladesh ulionyesha kuwa huko kwa kawaida ni samaki wa mwaka mmoja hivi. Korongo wapo, mdiria wapo, samaki wakubwa wapo, na kiangazi hukausha kilichobaki. Mgongo uliopinda na usiku wa kukosa usingizi havimpati, kwa sababu kabla havijafika ameshaliwa.

Kwa hiyo uzee wa samaki pundamilia ni kazi ya mikono ya binadamu. Tumemwondoa korongo. Tumeleta chakula kila asubuhi. Tumepima chumvi na asidi ya maji. Maisha yakarefuka mpaka yakafika pale ambapo mito haikuyafikisha.

Mtu anaweza kusema hapo hakuna deni lolote, kuna zawadi: samaki ameongezewa miaka. Nimelifikiria hilo na halinitoshi. Zawadi hutolewa kwa ajili ya mpokeaji. Mfugaji anayemnenepesha ng'ombe wa sikukuu hampi ng'ombe zawadi ya majani. Na miaka aliyoongezewa samaki ndiyo miaka migumu, kwa kuwa ule ugumu ndio tunaoutaka. Angeongezewa miaka ya ujana mtupu, asingetufaa kitu.

Tena hata miaka hiyo mitatu imeonekana mingi. Mtafiti mwenye ufadhili wa miaka mitatu hawezi kumsubiri samaki wa miaka mitatu. Hapo ndipo habari inapofika kwetu. Katika madimbwi ya msimu ya kisiwa cha Unguja yuko samaki mdogo, dume lake lina mkia mwekundu, ambaye wanasayansi wamemjua tangu mwaka 1893, na ambaye sasa jina lake ni Nothobranchius guentheri. Huanguliwa mvua inaponyesha, hukomaa kwa majuma machache, hutaga, na hufa dimbwi linapokauka. Mayai hubaki ndani ya tope kavu yakisubiri mvua nyingine. Samaki huyu wa Unguja alitumiwa ng'ambo katika tafiti za uzee tangu miaka ya 1970. Ndugu yake, Nothobranchius furzeri, aliyekusanywa mwaka 1968 katika eneo la Gonarezhou, Zimbabwe, ana haraka zaidi: mwaka 2003 watafiti walitangaza kwamba wa mbegu hiyo hawakuvuka majuma 12 hivi. Tangu hapo amekuwa kipenzi cha maabara za uzee. Mwaka 2006 walionyesha kuwa kemikali iitwayo resveratroli ilirefusha maisha yake, na mwaka 2017 kuwa samaki wa makamo aliyepewa vijidudu vya utumbo vya samaki kijana aliishi zaidi.

Ndivyo tulivyo. Sisi tunaotafuta maisha marefu tumemtafuta mwenye maisha mafupi kuliko wote, ili majibu yatufikie tukiwa bado tupo.

*

Wanasayansi humwita samaki pundamilia kiumbe mfano. Neno hilo limekaa vizuri katika Kiswahili, pengine kuliko waliolitafsiri walivyokusudia. Mwalimu akitoa mfano ubaoni, huchukua kitu kimoja kikasimama badala ya vingi. Na tukisema mtu hana mfano wake, tunasema hakuna aliyefanana naye. Maabara inazihitaji maana zote mbili kwa pamoja. Samaki anasimama badala yetu kwa kuwa anafanana nasi.

Fundo linaanzia hapo. Uliza kwa nini uzee wa binadamu uchunguzwe kwa samaki, utajibiwa: kwa sababu anafanana nasi. Uliza kwa nini inaruhusiwa kumfanyia samaki yale ambayo ni mwiko kumfanyia binadamu, utajibiwa: kwa sababu hafanani nasi. Majibu yote mawili hutoka kinywani mwa mtu yuleyule, na huenda yakakaa kurasa mbili tu mbalimbali katika ombi lilelile la fedha. Wanafalsafa wameliona fundo hili zamani, wakizungumzia nyani na panya.

Kwa haki, majibu hayo si lazima yapingane. Kiumbe anaweza kufanana nami kwa moyo na ini bila kufanana nami kwa mawazo. Mtafiti anayetaka kujua jinsi moyo wa samaki unavyojijenga upya baada ya kukatwa kipande, jambo ambalo moyo wangu hauwezi, anaweza kusema bila kujipinga: nimechukua mfanano wa misuli, sikudai mfanano mwingine. Tunaweza kubishana naye kuhusu maumivu ya kile kisu, lakini hoja yake imesimama.

Hoja inapepesuka tunapofika kwenye tabia.

Kuna jaribio moja linalofanywa sana. Samaki huchukuliwa kutoka tangi lake na kutiwa katika tangi asilolijua. Huzama chini na kukaa huko. Dakika zikipita, hupanda kidogo kidogo kuchungulia juu. Kama maji yake yalitiwa pombe kidogo, au kama kwa siku kadhaa alipewa fluoksetini, dawa wanayopewa watu wenye sonona, hupanda mapema zaidi. Watafiti husoma kina cha maji kama kipimo cha wasiwasi.

Jaribio lingine linatokana na ugunduzi wa Karl von Frisch wa mwaka 1938. Aligundua kwa samaki wadogo wa Ulaya kwamba ngozi ya mmoja ikichubuka hutoa kitu ndani ya maji, na wenzake wakikinusa hutawanyika. Samaki pundamilia naye ni hivyo: hukimbilia chini, huganda. Na mwaka 2023, watafiti waliofanya kazi Ureno walichapisha katika jarida la Science kwamba samaki pundamilia akiwaona wenzake wameingiwa na hofu, naye huingiwa, hata kama yeye hakunusa chochote. Na kwamba uambukizo huo unategemea oksitosini, homoni ambayo hata kwetu inahusika na namna tunavyoshikamana.

Sasa fikiri. Majaribio haya yana maana ikiwa tu kilichomo ndani ya tangi ni hofu, au jambo la jirani sana na hofu. Kama samaki ni saa ya chemchemi yenye mapezi, basi dawa iliyompandisha juu haituambii chochote kuhusu mama wa Mwanza asiyelala kwa mashaka. Wapo wataalamu wanaosema ndivyo alivyo. Brian Key wa Australia ameshikilia kwamba samaki hahisi maumivu kwa kuwa hana lile tabaka la nje la ubongo ambalo sisi tunalo. Upande wa pili yupo Lynne Sneddon, ambaye mwaka 2003 pamoja na wenzake walionyesha jinsi samaki aina ya trauti aliyedungwa asidi mdomoni anavyobadili tabia kwa namna isiyoelezeka kama mshtuko tu. Baadaye alionyesha kwamba samaki pundamilia aliyedungwa asidi huhamia chumba kitupu chenye mwanga mkali, chumba ambacho kwa kawaida hukikwepa, iwapo maji ya humo yametiwa dawa ya ganzi. Mjadala huo unaendelea na mimi si wa kuufunga.

Lakini mtafiti wa wasiwasi hawezi kujificha nyuma ya Key. Akisema samaki haogopi, amekivunja kipimo chake mwenyewe. Akisema anaogopa, amekiri kwamba kazi yake ya asubuhi ni kutengeneza hofu. Kadiri jaribio lake linavyokuwa zuri, yaani kadiri hofu ya samaki inavyokaribia yetu, ndivyo deni linavyokua. Jaribio lisilo na deni lolote ni lile lisilotufundisha lolote kuhusu sisi.

*

Nalisikia jibu la msomaji, maana ndilo ninalojijibu mwenyewe jioni. Na dagaa je?

Dagaa wa Ziwa Victoria, omena kwa Wakenya, mukene kwa Waganda, yumo katika ukoo mpana uleule wa samaki pundamilia. Wavuvi humvutia kwa taa usiku usio na mbalamwezi, humvua kwa maelfu, humwanika juani. Mlo mmoja wa familia unaweza kuwa na samaki wengi kuliko wote waliotumika katika tasnifu ya mwanafunzi. Na adabu ya kifo chake? Kuku tunamchinja kwa kisu kikali, kwa kuwa tumefundishwa tusimtese. Samaki hachinjwi. Anaachwa atweteme mwenyewe chomboni mpaka anyamaze, na hakuna mzee anayemkemea mtu kwa hilo. Mwenye kuchota dagaa kwa vidole vitatu ana mdomo gani wa kumuuliza mtu wa maabara?

Hoja hii ina meno, lakini tuangalie inamuuma nani. Kama ni kweli kwamba samaki anateseka, kuwepo kwa mateso mengi sahanini hakuyafuti machache ya tangini. Mshtakiwa wa pili hamwachii huru wa kwanza.

Tena, kinachotafutwa si kimoja. Mvuvi hahitaji dagaa aogope. Angempata dagaa asiyehisi chochote, mwenye ladha ileile, asingepoteza hata shilingi. Mtafiti wa wasiwasi akimpata samaki asiyeogopa, amefilisika. Na mlaji hakuwahi kudai kwamba dagaa ni mfano wake. Alisema tu ana njaa. Anayesema huyu ni mfano wangu, kwa moyo, kwa usingizi, kwa usahaulifu na kwa hofu, amejifunga kwa maneno yake.

Hata hivyo sitaki kumwacha mlaji aende zake akipangusa midomo. Habari kwamba samaki hupata hofu kwa kumtazama mwenzake hatukuletewa na wavuvi, na hatukuletewa na methali. Tumeletewa na maabara, kwa gharama ya samaki. Ujuzi huo umekwisha kutoka, nao hauwezi kurudishwa tangini. Kama mtafiti anadaiwa kwa sababu anajua, basi nasi tuliosoma tumeanza kudaiwa.

*

Nimesema deni, sikusema dhambi, na sababu yangu ni bibi.

Bibi yangu, mzaa mama, katika miaka yake ya mwisho alisahau majina ya watoto aliowazaa. Ukimwambia shikamoo aliitikia marahaba bila kukosea, kwa sauti yake ileile ya siku zote, kisha akauliza: "Wewe wa kwa nani?" Mama yangu alikuwa akijibu swali hilo mara kumi kwa asubuhi moja. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa wakiishi na maradhi ya aina hiyo, na zaidi ya nusu yao wako katika nchi za kipato kama chetu. Mpaka leo hakuna dawa inayouponya ugonjwa wa Alzheimer.

Kama mtu angeniambia kuna kidonge kitakachomrudishia bibi jina moja tu, la mama, na kwamba kidonge hicho kimepitia samaki wazee elfu kumi kabla ya kumfikia, ningekipokea kwa mikono miwili. Simwamini sana anayesema asingekipokea, isipokuwa kama ameshakaa na mtu wa aina hiyo akamwona akimwogopa mtoto wake wa kumzaa. Kwa hiyo siwezi kusimama mlangoni mwa maabara na kupiga kelele kwamba kila kitu kisimame. Lakini anayepokea kwa mikono miwili hawezi kusema hadaiwi. Tuna msemo wa dukani kwamba dawa ya deni ni kulipa. Swali linalofuata ni la malipo.

Sheria zimejaribu kuyapima. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2010 yanawalinda wanyama wote wenye uti wa mgongo wanaotumiwa katika utafiti, samaki wakiwemo. Lakini samaki mchanga huanza kuhesabiwa siku anapoanza kujitafutia chakula mwenyewe. Kwa samaki pundamilia siku hiyo imewekwa kuwa ya tano. Ndiyo maana majaribio mengi hukazana kumalizika kabla ya siku ya tano. Marekani, sheria kuu ya ustawi wa wanyama ya mwaka 1966 haimhesabu samaki kabisa, ingawa wanaopokea fedha za afya za serikali hubanwa na taratibu nyingine. Huku kiumbe anaanza kuwa mtu wa kisheria anapojitegemea kwa mlo. Kule haanzi kamwe.

Mwaka 1959 Waingereza wawili, William Russell na Rex Burch, waliweka kanuni tatu ambazo hadi leo ndizo msingi: badala ya mnyama tumia kitu kingine ukiweza, punguza idadi, punguza mateso. Ni kanuni nzuri. Lakini angalia ilivyotokea. Kuhama kutoka panya kwenda kwa samaki kumehesabiwa kuwa ni kutimiza ile ya kwanza, kana kwamba samaki ni kitu kingine. Na kwa kuwa samaki ni mdogo na wa bei nafuu, idadi ikapanda. Panya wamepumzika kidogo kwa migongo ya samaki.

Malipo ninayoyafikiria ni ya vitu vidogo. Samaki pundamilia huishi kundini. Asiachwe peke yake ila pale swali lenyewe linapodai hivyo. Dawa ya usingizi inayotumiwa zaidi kumuulia imeonyeshwa kuwa yeye mwenyewe huikwepa akipewa nafasi ya kuchagua. Basi itafutwe asiyoikwepa. Swali ambalo jibu lake linajulikana lisiulizwe tena kwa mwili wake. Na jaribio lililoshindwa litangazwe kama lililofaulu, ili mwingine asilirudie na samaki wengine mia mbili.

Gumu kuliko yote ni la mwisho wa maisha. Katika utafiti wa uzee, kifo ndicho kipimo. Mtafiti huchora mstari unaoshuka ngazi moja kila samaki anapokufa, na mstari huo ndio habari yenyewe: dawa imerefusha maisha au haikurefusha. Sasa tazama samaki mwenye umri wa miaka minne, mgongo umepinda, hafiki tena kwenye chakula, amelala ubavu karibu na bomba. Ukimpumzisha leo, umeingiza mkono wako kwenye mstari. Ukimwacha afe mwenyewe keshokutwa, mstari umenyooka, naye amelipia unyoofu huo kwa siku mbili. Wapo watafiti walioamua kwamba kuanzia dalili fulani samaki ahesabiwe kuwa amefikia mwisho, apumzishwe, na mchoro ukubali kupungukiwa uhakika kidogo. Naona hao ndio walioanza kulipa, kwa sababu wamelipa kwa kitu wanachokithamini wenyewe.

*

Linabaki jambo moja, nalo haliko maabara.

Tunapowatetea samaki kutumiwa, hutumia neno lazima. Ni lazima, kwa kuwa uzee unatesa na hatuna njia nyingine. Lakini bibi aliteswa na mambo mawili, na samaki anaweza kusimama badala yetu kwa moja tu. La kwanza lilikuwa ndani ya ubongo wake, protini na seli na mishipa ambayo mimi siifahamu. Hapo mfano wa samaki huenda ukafaa. La pili lilikuwa nje. Wageni walizoea kuzungumza habari zake mbele yake kana kwamba hayupo. Watoto wa jirani walimcheka. Siku alizopewa ungo wa mchele achambue, mtu akakaa naye, alitulia mpaka magharibi, na vidole vyake vilijua jiwe ni lipi. Siku alizoachwa chumbani peke yake ndizo alizopiga kelele.

Hilo la pili samaki hawezi kutusomea. Katika matangi hakuna mjukuu wa kumwamkia, hakuna wosia, hakuna anayeulizwa ushauri wa posa. Uzee wetu nusu yake ni mwili, na nusu ni namna tunavyotazamwa na waliobaki. Nusu hiyo ya pili haihitaji kidonge, wala haijawahi kuhitaji samaki hata mmoja.

Basi ninapoambiwa kwamba ni lazima, ninataka kwanza kujua kama yaliyo mikononi mwetu yamefanywa. Jamii inayowafungia wazee wake vyumbani, kisha ikaagiza samaki elfu kumi wazeeshwe ili ipatikane dawa ya unyonge wao, imemtwika samaki mzigo ambao sehemu yake ni wake yenyewe. Mkuki kwa nguruwe, tunasema, kwa binadamu mchungu. Samaki hatujamtungia methali ya aina hiyo, kwa sababu mpaka juzi hatukudhani kwamba mkuki unamuuma.

Anayetunza matangi hufika asubuhi taa zinapowaka. Hutoa chakula, huhesabu waliokufa usiku, huandika. Kwenye kila kibandiko anasoma tarehe ya kuzaliwa na kujua umri wa kila samaki kwa siku, jambo ambalo hakuna mvuvi wala mlaji aliyewahi kulijua. Anayejua umri wa kiumbe kiasi hicho hawezi tena kumwita mbichi au mkavu tu. Amwite mzee, kwa kuwa ndivyo alivyomfanya awe, na amtendee kama mtu anayejua maana ya neno hilo.